Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Historia ya Ugonjwa Uliojificha Ndani ya Muwa

Muwa ni mmea uliozoeana na watu wa miteremko ya Mlima Kenya tangu kabla ya wageni kutoka Ulaya kufika huko. Katika Githongo, nchi ya Imenti huko Meru, ambako leo mtu huona mashamba ya majani chai upande wa juu na kahawa na migomba upande wa chini, muwa haukupata kuwa zao la kiwanda. Hukaa pembeni, katika vishamba vidogo, mashina machache hapa na machache pale. Lakini udogo wa shamba lake si udogo wa heshima yake. Watoto huutafuna wakitoka shule, wauzaji huumenya na kuukata vipande sokoni, na katika desturi za zamani maji yake yalitengenezwa pombe ya wazee, ambayo ilichachushwa kwa tunda la mwegea na kupewa mahali pake katika posa na katika mabaraza.

Mmea uliokaa na watu kwa muda mrefu namna hii hudhaniwa kuwa hauna siri tena. Mkulima huujua urefu wake, utamu wake, na mwezi wa kuukata. Hata hivyo, ndani ya mmea huo umepata kukaa adui ambaye wakulima wa dunia nzima hawakumtambua, ingawa walimkata kwa mapanga yao wenyewe na kumpanda kwa mikono yao wenyewe. Historia ya kugunduliwa kwake ni fupi kwa hesabu ya miaka, lakini ina mafunzo mengi kwa kila mtu anayeishi kwa jasho la shamba.

Kwanza yatupasa kukumbuka jinsi muwa unavyopandwa. Mahindi na maharagwe hupandwa kwa mbegu, na kila mbegu ni kiumbe kipya. Muwa haupandwi hivyo. Mkulima hukata shina lililokomaa vipande vipande, kila kipande kikiwa na mafundo mawili au matatu, na penye kila fundo pana jicho. Kipande hulazwa ardhini, jicho huchipuka, na chipukizi huwa shina. Kwa hiyo muwa wa leo ni kipande cha muwa wa jana, na muwa wa jana ni kipande cha muwa wa juzi. Tena, miwa ikisha kukatwa, visiki vyake huachwa ardhini vichipue mara ya pili, na mara ya tatu, na zaidi. Miwa hii iotayo yenyewe kutoka kwenye visiki huitwa maotea, nayo humpunguzia mkulima gharama ya kulima na kupanda upya.

Njia hii ina faida kubwa. Mtu akipenda muwa wa jirani yake kwa utamu, huomba vipande viwili vitatu, na baada ya mwaka mmoja au zaidi utamu ule ule umo shambani mwake. Hapana haja ya duka wala fedha, ujirani watosha. Lakini yafaa tuone na upande wa pili. Kipande kikipita kutoka mkono hadi mkono, kila kilichomo ndani yake hupita pia. Mbegu ya mahindi huacha nyuma magonjwa mengi ya mzazi wake. Kipande cha muwa huchukua karibu yote.

Kwa njia hiyo hiyo ya vipande muwa ulizunguka dunia. Wataalamu wanakubaliana kwamba watu wa kwanza kuulima muwa mtamu walikuwa wenyeji wa kisiwa cha New Guinea, maelfu ya miaka iliyopita. Kutoka huko ulifika Bara Hindi, ambako watu walijifunza kupika sukari, na kisha ukafika Uajemi na nchi za Waarabu. Christopher Columbus aliuvusha bahari ya Atlantiki katika safari yake ya pili, mwaka wa 1493. Katika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki, mji wa Pangani ulikuwa maarufu katika karne ya 19 kwa mashamba ya miwa na kwa sukari iliyopelekwa nje kwa majahazi. Abushiri bin Salim, yule aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka wa 1888, alikuwa mwenye shamba la miwa huko. Safari hizi zote, za merikebu, za majahazi na za miguu, zilikuwa safari za vipande vya muwa. Na hapana aliyejua ni wageni gani waliosafiri humo bila nauli.

Elimu ya vijidudu iitwavyo bakteria ilianza kusimama imara mwaka wa 1876, Robert Koch wa Ujerumani alipoonyesha kwamba ugonjwa wa kimeta, unaoua ng'ombe na kondoo, huletwa na kijidudu ambaye haonekani kwa macho matupu. Muda mfupi baadaye, Thomas Burrill wa Marekani alionyesha kwamba hata miti ya matunda yaweza kuuguzwa na bakteria. Wakati ule wengi hawakuamini, kwa maana walidhani kwamba mimea haina magonjwa ya namna ya wanyama. Mwaka wa 1893 Nathan Cobb, aliyekuwa akifanya kazi New South Wales katika Australia, alieleza ugonjwa wa miwa ambao ulikuwa umekwisha kuonekana Brazil miaka thelathini nyuma. Shina la muwa mgonjwa likikatwa, ute wa rangi ya manjano ulitoka kwenye mirija yake kama gundi. Cobb alisema kwamba ute ule ulikuwa umejaa bakteria, na kwamba wao ndio waliokuwa wakiuharibu muwa. Ugonjwa ule ulijitangaza wenyewe: mkulima alikata, akauona ute, akajua kwamba pana baya. Ule tunaousimulia hapa haukuwa na adabu hiyo.

Katika msimu wa 1944 na 1945, wakulima wa wilaya ya Mackay, katika jimbo la Queensland huko Australia, waliona jambo la ajabu. Walikuwa wakilima aina ya muwa iliyoitwa Q28, iliyosifiwa kwa mavuno mema. Miwa iliyopandwa upya iliota vizuri, lakini maotea yake yalidumaa. Mashina yalikuwa membamba na mafupi, na shamba moja lilikuwa na mashina marefu na mafupi yaliyochanganyika bila mpango. Majani hayakuwa na madoa, wala mizizi haikuwa imeoza. Kwa kuwa haukuonekana kwanza katika aina nyingine, watu waliuita ugonjwa huo kwa jina la aina ile, ugonjwa wa Q28. Baadaye ilidhihirika kwamba aina nyingine nyingi zilikuwa zikiugua vile vile, na jina likabadilishwa likawa ugonjwa wa kudumaa kwa maotea.

Mtaalamu mmoja wa idara ya majaribio ya miwa ya Queensland, jina lake Steindl, aliushughulikia ugonjwa huu kwa subira. Kati ya mwaka wa 1949 na 1950 alikwisha kuandika habari zake. Kazi yake na ya wenziwe ilithibitisha mambo matatu yenye maana kubwa. La kwanza, ugonjwa ulikuwa wa kuambukiza: maji ya muwa mgonjwa yakipakwa kwenye kipande cha muwa mzima, nao huugua. La pili, mwenezaji mkuu alikuwa kisu au panga, kwa sababu chombo kilichokata muwa mgonjwa kiliweza kuambukiza vipande vingi vilivyokatwa baada yake. La tatu, vipande vya mbegu vikitiwa katika maji ya moto yenye digrii 50 za sentigredi kwa saa mbili au tatu, ugonjwa hutoka na jicho la muwa hubaki hai. Basi dawa ilipatikana kabla ya adui kujulikana, kama mtu anayefukuza mwizi gizani pasipo kuuona uso wake.

Ikawa ni kuuliza: mwizi huyu ni nani? Hadubini za kawaida hazikuonyesha kitu kilichokubaliwa kuwa ndicho chanzo. Hakuna aliyeweza kukiotesha katika chupa za maabara. Siku zile, ugonjwa wa mmea uliopita kwa utomvu na usioonyesha kijidudu ulihesabiwa kuwa wa virusi, na hivyo ndivyo ilivyosemwa. Kwa zaidi ya miaka 20 vitabu vilifundisha kwamba kudumaa kwa maotea ya miwa kulitokana na virusi. Mafundisho hayo hayakuwa ya kijinga. Yalitokana na yale yaliyoonekana, na yalikuwa na nguvu ya hoja. Upungufu wake ulikuwa katika vyombo vya kutazamia.

Mlango ulianza kufunguka kutoka upande mwingine. Mwaka wa 1967 wataalamu wa Japani walitangaza kwamba magonjwa kadha ya mimea, mojawapo likiwa la mforosadi, ambayo yalidhaniwa kuwa ya virusi, yalikuwa na viumbe vya namna ya bakteria wasio na ukuta wa seli. Habari hiyo iliwafanya wataalamu wengi duniani warudi kuyachunguza upya magonjwa yaliyokwisha kuhukumiwa. Mwaka wa 1973, Australia na Marekani, makundi mbalimbali ya watafiti yaliuchunguza utomvu wa miwa migonjwa kwa hadubini bora, pamoja na ile itumiayo elektroni, yakaona ndani ya mirija ya maji bakteria wembamba sana. Katika miwa mizima hawakuonekana. Huko Australia, walioandika habari hizo walikuwa Teakle, Smith, na Steindl yule yule wa mwaka wa 1949. Yafaa tulitazame jambo hili kwa heshima. Aliyeutambulisha ugonjwa kwa wakulima wakati wa nadharia ya virusi aliishi kushiriki katika kuipindua nadharia hiyo. Elimu haina aibu ya kurudi nyuma ikiona njia haifiki.

Hata hivyo, kuonekana mahali palipoibiwa si ushahidi wa wizi. Koch alikuwa ameweka kanuni kwamba kijidudu hahesabiwi kuwa chanzo cha ugonjwa mpaka atolewe katika mgonjwa, aoteshwe peke yake, atiwe katika kiumbe kizima na kukiuguza, kisha apatikane tena humo. Kwa muwa kazi hii ilikuwa ngumu, maana kijidudu huyu ni mchaguzi wa chakula. Mwaka wa 1980 Michael Davis na wenziwe huko Marekani walifaulu kutengeneza chakula cha maabara alichokubali. Aliota taratibu mno, akihitaji majuma badala ya siku, na makundi yake yalikuwa madogo kuliko kichwa cha pini. Alipotiwa katika miwa mizima, iliugua. Mwaka wa 1984 alipewa jina la kitaalamu Clavibacter xyli, na mwaka wa 2000 akahamishiwa katika ukoo mwingine akaitwa Leifsonia xyli. Neno hilo la pili limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya mti, na ndilo lililotumiwa katika kuiita mirija ya mmea ipandishayo maji. Jina lake, basi, ni anwani yake.

Sasa na tuingie ndani ya muwa tuone jinsi anavyoitawala nyumba isiyo yake. Shina la muwa likikatwa mshazari, mtu mwenye macho mema ataona vitone vingi vidogo vilivyotawanyika katika nyama yake. Kila kitone ni tita la mirija, na katika shina moja matita hayo ni mamia mengi. Ndani ya kila tita pana mirija miwili mikubwa ya maji, iliyokaa kama macho mawili usoni. Mirija hii huvuta maji na chumvi za ardhi kutoka mizizini na kuvipandisha mpaka kwenye majani. Kando yake imo mirija mingine ya kushusha chakula kilichopikwa na majani kwa nguvu ya jua, na chakula hicho ndicho kinachowekwa shinani kuwa sukari.

Kijidudu huyu hana jino la kutobolea wala mguu wa kutembelea. Hawezi kulipenya ganda la muwa. Huingia palipokatwa, na kila kipande cha mbegu kina majeraha mawili, huku na huku. Panga lililolowa utomvu wa shina gonjwa likipita katika shina zima, bakteria huachwa kwenye midomo ya mirija iliyofunguliwa wakati ule ule. Mwili wake ni mwembamba: upana wake ni robo au nusu tu ya sehemu moja katika elfu ya milimita, na urefu wake ni sehemu chache tu za kipimo hicho. Mlango wa mrija wa maji kwake ni kama lango kuu la mji.

Akisha kuingia, hukaa katika mrija na kula vitu hafifu vilivyoyeyuka katika maji yapandayo. Chakula hicho ni kidogo, naye huzaliana polepole. Wala hana haja ya kufanya haraka, kwani mwenyeji wake atakaa shambani mwaka mzima au zaidi, na baada ya hapo visiki vitachipua tena. Jicho la kipande kilichoambukizwa likichipuka, mirija ya chipukizi huungana na mirija ya kipande, na kijidudu hupita. Shina likirefuka, naye hupanda pamoja nalo, pingili kwa pingili. Kwa sababu hiyo watafiti waliohesabu matita yaliyotawaliwa waliyakuta mengi zaidi katika pingili za chini, zilizo na umri mkubwa, na machache kadiri walivyopanda juu. Kwa sababu hiyo pia mtu atakaye kuupima ugonjwa huchukua utomvu wa sehemu ya chini ya shina lililokomaa.

Mafundo ndiyo njia panda za muwa. Katika pingili, mirija hunyoka sambamba kama barabara zisizokutana. Katika fundo, hugawanyika, huungana, na kutoa matawi kwenda katika jani, katika jicho, na katika vichwa vya mizizi. Hapo ndipo msongamano hutokea. Bakteria na ute unaowazunguka, pamoja na gundi ambayo mmea wenyewe huitoa kwa kujihami, hukusanyika na kuziba baadhi ya mirija. Hapo pia ndipo ishara ya ndani hupatikana: fundo la muwa uliokomaa likichanwa kwa kisu kikali, huonekana vitone na vistari vidogo vya rangi ya machungwa iliyoelekea wekundu. Hata ishara hiyo si ya kutegemewa, maana miwa mingi migonjwa hainayo, na vitu vingine vyaweza kuleta rangi iliyofanana nayo.

Muwa huu haufi. Tita moja likizibwa, mengine mamia hubaki yakifanya kazi. Hupungukiwa tu na maji, kidogo leo na kidogo kesho, na shina lililokosa maji haliwezi kurefuka. Mvua ikiwa tele, mkulima huenda asione tofauti yoyote. Ukame ukija, mirija iliyobaki haitoshi, na mavuno hushuka ghafula. Tena kila maotea huzidi yaliyotangulia kwa ugonjwa, kwa kuwa adui hakuondoka kisikini, na kila msimu wa kukata panga humpeleka kwenye mashina mapya. Hasara yake imepimwa katika nchi nyingi, nayo mara nyingi huwa kati ya sehemu 5 na sehemu 30 katika mia ya mavuno, kwa kadiri ya aina ya muwa na ukali wa kiangazi. Wahenga walisema kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali. Na huyu hachovyi kidole ila taratibu.

Lakini mmea nao una ngome zake. Mwaka wa 1978 Teakle na Steindl, pamoja na mwenzao mmoja, walieleza sababu mojawapo inayofanya baadhi ya aina za miwa zistahimili ugonjwa huu kuliko nyingine. Katika aina zilizo dhaifu, mirija mingi mikubwa hupita moja kwa moja katika fundo bila kizuizi. Katika aina stahimilivu, mirija katika fundo hugawanyika zaidi, na michache tu ndiyo inayopita moja kwa moja. Basi mji wenye vichochoro vingi vilivyopindika ni mgumu kutekwa kuliko mji wenye barabara moja iliyonyoka. Aidha, ilionekana kwamba hesabu ya matita yaliyotawaliwa katika shina ndiyo kipimo chema cha hasara itakayopatikana: palipo na matita mengi yaliyotekwa, mavuno hupungua zaidi.

Mwaka wa 2004 wataalamu wa Brazil walitangaza kwamba wameisoma hati yote ya urithi wa kijidudu huyu. Walikuta kwamba zaidi ya jeni 300 kati ya jeni zake kama 2,000 zilikuwa zimeharibika, hazifanyi kazi tena, kama vyombo vilivyoachwa kutu katika ghala. Maana yake yaeleweka. Kiumbe aliyezoea kukaa katika mrija wa muwa, ambamo maji huletwa na upepo haupigi, hupoteza polepole vyombo vya kujitafutia riziki nje. Amekuwa kupe wa muwa. Hadumu udongoni kama vijidudu wengine wafanyavyo, wala hakuna mdudu arukaye anayejulikana kumchukua. Safari zake zote amezitegemeza kwa mwanadamu.

Neno hilo ndilo lenye uzito kuliko yote. Zamani wakulima wa miwa katika nchi nyingi waliamini kwamba aina ya muwa huchoka. Aina mpya huletwa, huzaa sana kwa miaka michache, kisha hupungua, nayo hutupwa na kutafutwa nyingine. Wengine walisema ardhi imezeeka. Wengine walisema mkulima ni mvivu, hapalilii vema. Ugonjwa huu ulipojulikana, ilidhihirika kwamba sehemu ya uchovu huo ilikuwa maradhi. Muwa haukuchoka; ulikuwa umejaa wageni. Fikiri ni watu wangapi waliolaumiwa kwa uvivu, au waliojilaumu wenyewe, na huku kosa lilikuwa katika panga walilolinoa vizuri kila asubuhi!

Hapa Kenya miwa ya viwanda ilianza huko Miwani, karibu na Kisumu, mwaka wa 1922, na Ramisi katika pwani mwaka wa 1927. Baada ya uhuru vilifuata viwanda vya Muhoroni mwaka wa 1966, Chemelil mwaka wa 1968 na Mumias mwaka wa 1973, na wakulima wadogo wengi wa magharibi wakaingia katika kilimo hicho. Kwa miaka mingi aina iliyotawala mashambani ilikuwa Co 421, iliyozalishwa katika kituo cha Coimbatore huko India. Ilifika kwetu kama zilivyofika nyingine zote, yaani kwa vipande. Ugonjwa wa kudumaa kwa maotea umo pia katika orodha ya maradhi ya miwa ya nchi yetu, na kituo cha utafiti cha Kibos karibu na Kisumu kimekuwa na kazi ya kutafuta aina bora na mbegu safi.

Dawa zake si za ajabu, na nyingi zilijulikana tangu siku za Steindl. Katika nchi zinazolima miwa kwa wingi pamejengwa matangi ya maji ya moto, ambamo vipande hukaa saa mbili katika digrii 50. Kipimo hiki chataka uangalifu, kwa kuwa joto likizidi kidogo jicho hufa, na likipungua kidogo adui huishi. Vipande vilivyotibiwa hupandwa kwanza katika kitalu, na kutoka hapo ndipo hupatikana mbegu ya kutosha mashamba. Visiki vya zamani hung'olewa vyote kabla ya kupanda upya, maana kisiki kimoja kigonjwa kilichoachwa ni chemchemi ya ugonjwa. Na mapanga husafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu kila mtu anapotoka shamba moja kwenda jingine.

Mkulima wa Githongo hana tangi la maji ya moto, wala mashina yake ishirini hayamdai kujenga moja. Lakini panga analo, na mbegu aipata kwa jirani. Mambo hayo mawili, panga na mbegu, ndiyo milango miwili ya adui huyu, na yote mawili yamo mkononi mwake. Anaweza kuchagua vipande kutoka katika miwa iliyopandwa upya yenye afya, akaacha kuvikata katika maotea ya miaka mingi yaliyokwisha kukonda. Anaweza kulisafisha panga lake kabla ya kulitia katika shamba la mwenziwe, na kumtaka mwenziwe afanye vivyo hivyo, bila yeyote kuona kwamba ametukanwa.

Tena faida ya desturi hiyo haiishii katika muwa. Mnyauko wa bakteria katika viazi, mazao yanayopendwa sana katika nyanda za juu za Meru, husafiri katika mbegu ya kiazi kilichoonekana kizima na katika kisu kilichokikata. Mnyauko wa migomba, ambao ulielezwa kwanza Ethiopia mwaka wa 1968 na kuingia Uganda mwaka wa 2001, ulionekana magharibi ya Kenya mwaka wa 2006. Nao pia hupenda kusafiri kwa panga na kwa machipukizi yanayogawanywa baina ya majirani. Vijidudu hawa ni mbalimbali, lakini njia yao ni moja. Anayejifunza kulinda muwa wake amejifunza nusu ya kulinda migomba na viazi vyake.

Pengine mtu atauliza: je, basi tuache kupeana mbegu? Hasha. Kupeana mbegu ni katika mambo yaliyowaweka watu wetu hai wakati wa njaa, na utamu wa muwa wa Githongo usingefika katika kila bonde kama wazee wangekuwa wachoyo wa vipande. Historia hii haitufundishi uchoyo. Inatufundisha kwamba mwenye kutoa ana deni la kujua anachokitoa. Zamani deni hilo halikuweza kulipwa, kwa kuwa hapana aliyeona ndani ya mirija ya muwa. Tangu mwaka wa 1973 macho ya wanadamu yamefika huko, na tangu hapo ujinga si udhuru tena kwa wale waliopata nafasi ya kusoma.

Ninyi mnaosoma habari hizi ni miongoni mwa waliopata nafasi hiyo. Kijana aliyefika shule ya sekondari mara nyingi ndiye mtu wa kwanza nyumbani kwao kuielewa hadubini. Elimu hiyo ikibaki katika daftari, haina tofauti na maji yaliyozibwa katika fundo la muwa mgonjwa: yapo, lakini hayafiki kwenye majani. Ipelekeni nyumbani, kwa maneno ya heshima yanayowafaa wazazi, na mwanzo wake uwe mdogo. Jioni moja kabla ya siku ya kupanda, chukueni panga la nyumbani, lioshwe vizuri, litiwe dawa, na mwelezeni baba au mama sababu yake.